Jitambulishe Kabla Hujaulizwa

Kwako dadangu Karimi,

Ni mimi, Wawira, mtoto wa mwisho wa Marigu wa Githongo, yule aliyekuwa akikuachia sufuria zilizoungua uzisugue wewe. Nimekuja kukuona. Niko mzima huku Kanada, ila masikio yangu ndiyo hayajawahi kukubali hii nchi. Theluji ya kwanza imeanguka juzi na tayari nimeshateleza mbele ya wanafunzi wangu, nikaanguka na makalio kama gunia la viazi.

Najua umeshasonya. "Huyu naye, nani amemuuliza yeye ni nani?" Vumilia dada. Nina sababu ya kuanza hivyo na utaiona huko mbele.

Kwanza nipe habari zako. Mgongo unakuuma bado ukiinama, ama ile dawa ya kupaka ilisaidia? Usiniambie "tuko tu." Hiyo "tuko tu" yako naijua tangu utotoni. Ulisema "niko tu" siku ulipokanyaga msumari kule kiwanda cha kahawa, ukatembea mpaka nyumbani kiatu kikiwa kimejaa damu. Na mama je, anakula? Anakubali maji ya kuoga ama bado anayakataa? Je, ukungu umeondoka huko, ama mnaanika nguo zinashinda siku nzima bila kukauka? Hapa nguo zinakaushwa na mashine, zinatoka zikiwa moto kama mkate, lakini hazina ile harufu ya jua na moshi wa jikoni. Siku hizi nikitoa shuka kwenye mashine nainusa kwanza, na kila mara inanivunja moyo.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Tukipiga simu wewe unakasirika, mimi nalia, halafu mtandao unakatika kila mtu akiwa katikati ya neno lake. Kuna mama mmoja wa Nkubu tunayesali naye huku, anasafiri wiki hii, naye amekubali kukubebea barua hii. Isome ukiwa umekaa. Na nakuomba, isome kabla hujamjibu Murithi.

Ile simu yetu ya mwisho naikumbuka neno kwa neno. Ulisema, "Wawira, mimi nimechoka. Namwogesha mimi, namlisha mimi, namvalisha soksi mimi, nikimaliza ananiangalia usoni, ananiita Wawira. Kila siku Wawira, Wawira. Jana ameambua mbaazi zake za hewa, hakuna hata mbaazi moja hapo, halafu ananiuliza, 'Wawira, nimemaliza, niende mtoni na wenzangu?' Ati anakuomba wewe ruhusa! Wewe kifunga mimba! Basi njoo wewe mwenye jina umtunze." Kisha ukaniambia kaka yetu Murithi amepata nyumba ya kulelea wazee kule Nairobi, na kwamba mwaka ukiisha utamwambia sawa, ampeleke. Halafu ukakata simu. Hiyo haikuwa mtandao, Karimi. Ulikata wewe.

Nilibaki nimeshika simu jikoni kwa walimu. Sikukulaumu, haki ya Mungu. Nilikuwa nataka kupanda ndege siku hiyo hiyo. Lakini likizo yangu ilikuwa imefungwa na karatasi moja, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kukupa.

Unajua chuo hiki kilinichukua kufundisha baada ya ile miaka niliyofanya kazi ya kutunza wazee. Sasa wameamua kuanzisha kozi mpya, ya watu watakaowahudumia wazee wanaopoteza kumbukumbu. Wakatazama huku na kule, wakasema, Wawira ndiye ataiandika. Nikafurahi kama mjinga. Mkuu wetu wa idara, mama anayeitwa Helen, akaniambia niandike kwanza malengo, yaani mwanafunzi akimaliza kozi atakuwa anaweza kufanya nini. Kamati ikiyapitisha, kozi itaanza mwaka ujao, na mimi nitapata likizo ndefu ya kuja nyumbani. Yasipopita, nitakaa hapa hapa nikiyaandika upya mpaka yapite. Kwa hiyo ujue hivyo: kila sentensi niliyoandika ilikuwa hatua ya kuja kwa mama.

Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Wewe ulishafundisha watoto wa chekechea, unazijua hizo sentensi: "Mwishoni mwa kozi hii, mwanafunzi ataweza..." Nikaandika kwa kujiamini. Mwanafunzi atamheshimu mzee. Mwanafunzi atakuwa na subira. Mwanafunzi ataelewa hali ya mtu anayesahau. Nikaipeleka karatasi nikitembea kwa maringo.

Ikarudishwa. Helen aliniita, akanikaribisha kiti, akasema kwa upole, maana si mtu mbaya, "Wawira, maneno yako ni mazuri. Lakini mimi nitasimama mlangoni nikimwangalia mwanafunzi wako. Heshima nitaionaje? Mtu mwenye subira, mikono yake inafanya nini? Mdomo wake unasema nini?"

Wee! Nilipandwa na hasira ambayo ungeicheka. Nikamjibu, "Subira ni subira. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza anaijua akiiona." Akasema, "Sawa, basi niandikie huyo mtoto anaona nini." Nikatoka hapo nikiongea peke yangu kwenye korido kwa Kimbeere, lugha ya kwao mama, na unajua mimi Kimbeere changu hutoka tu nikikasirika. Nilisema maneno ambayo mama angenipaka pilipili mdomoni.

Nilifika nyumbani nikachemsha chai, ya maziwa mengi na tangawizi, nikakaa dirishani. Na kwa sababu nilikuwa na hasira, nikaanza kumwandikia mama malengo yake kwa mzaha. Nikasema, kama huyu Helen angemkuta mama kule shambani, mama angeandika nini? "Mwishoni mwa likizo ya Agosti, Wawira ataweza kumkamua yule ng'ombe mwekundu bila kupigwa teke." "Mwishoni mwa msimu, Karimi ataweza kubeba debe la kahawa hadi kiwandani bila kumwaga, na bila kumgombeza mdogo wake njia nzima." "Murithi ataweza kuwasha moto kwa kuni mbichi bila kuitia nyumba nzima moshi." Hilo la Murithi hajalitimiza hadi leo. Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kilio, maana niliisikia sauti yake kabisa, ile ya kuita kutoka juu kule kwenye migomba, wakati ukungu umeshuka na humwoni, unasikia tu "Karimiii, funikeni kahawa!"

Unakumbuka vile alivyokuwa akituchekesha na Kimeru chake? Shangazi zetu walikuwa wakimwiga anavyoongea, mpaka siku moja akaweka mwiko chini akasema katika nyumba hii sasa ni Kiswahili, kila mtu akivunje kwa njia yake. Na baba, Mungu amlaze pema, mtu aliyekuwa akibishana na kila mtu hadi mbuzi, akasema tu, "Haya, leteni chakula." Watu wa Githongo walituita watoto wa wilaya, kana kwamba baba ni ofisa wa serikali. Nami hata sasa nikikuandikia kwa Kiswahili nasikia ni kama niko jikoni kwetu, mgongo umeegemea ukuta wa joto.

Basi nikiwa hapo dirishani, swali la Helen bado linaniwasha, nikajiuliza: mimi niliona wapi subira? Niliiona kwa macho haya yangu lini? Na nikajikuta Gachoka, kule alikozaliwa mama.

Karimi, unakumbuka zile safari? Tunatoka Githongo tumevaa sweta mbili mbili, tukifika Gachoka tumezifunga viunoni, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Ile miti ya miiba, mbuzi wakipanda kila kitu, na mama akianza kubadilika njiani. Kwetu milimani alikuwa mtu wa kujikunja, wa kulalamika baridi. Huko alikuwa anavua viatu, anatembea haraka, anacheka na watu ambao sisi hatuwajui. Nakumbuka nikimshangaa. Sikujua mama yangu alikuwa na mbio namna hiyo.

Na tukifika kwa cucu, nyanya yetu, hatukuwa tunaingia moja kwa moja. Mama alikuwa anasimama nje ya ule ua wa vijiti, mzigo bado uko kichwani, anapaza sauti: "Ni mimi Marigu, binti yako wa tatu, niliyeolewa Meru. Nimekuja kukuona. Nimekuja na watoto." Ndipo anaingia. Halafu sisi tunapangwa mbele ya cucu, mmoja mmoja, kila mtu aseme jina lake, yeye ni wa nani, na kilichomleta. Mimi niliona aibu sana. Wewe ulikuwa unalisema lako haraka haraka kama mtu anayemeza dawa. Na si mara moja tu. Ukitoka nje kuchota maji ukarudi, unasema tena. Ukiamka asubuhi, unasema tena.

Murithi ndiye aliyeuliza. "Mama, si nilimwambia jana?" Na mama akamjibu, "Basi mwambie na leo. Mdomo unalipiwa?"

Sisi tulidhani ni adabu za Kimbeere tu. Hatukujua cucu alikuwa ameanza kusahau. Lakini iko siku moja ninayoikumbuka wazi, na nina hakika na wewe unaikumbuka, kwa sababu ulinishika mkono. Alikuja jirani, mama mmoja mnene mwenye vicheko, akaketi mbele ya cucu akamwuliza, "Haya, unanijua? Mimi ni nani? Sema!" Cucu akamtazama, akatazama chini, akaanza kukunja ncha ya leso yake, anaikunja na kuikunjua. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mama alikuwa akiambua mbaazi pale kando. Alisimama, mbaazi zikamwagika zote, akasema, "Usimfanyie mama yangu mtihani. Una jina, litaje."

Dada, nilishika kalamu pale pale. Nikaandika: "Mwishoni mwa kozi hii, mwanafunzi ataweza kujitambulisha kwa mzee kabla hajaulizwa, kwa jina lake, kazi yake na sababu ya kuja kwake, kila mara anapoingia, bila kumuuliza mzee kama anamkumbuka." Nikaisoma. Nikajua hiyo Helen ataiona akiwa amesimama mlangoni. Na hapo ndipo mengine yakafunguka. Ataweza kumshika mzee mkono akiwa ameinama mbele yake, si kutoka nyuma. Ataweza kumwacha amalize hadithi ile ile bila kumwambia ameshaisimulia. Yote niliyatoa kwa mama, moja baada ya nyingine, na mengine, sikufichi, niliyatoa kwako. Nilikuona mwaka ule nilipokuja kumzika baba. Mama alipokataa kuvaa viatu, ulivua vyako ukakaa naye chini, mkakaa hivyo miguu wazi mpaka mwenyewe akasema nyasi ina baridi. Nimeliandika hilo pia.

Helen alisoma akavua miwani. Akasema twende tukajaribu kabla kamati haijakaa. Kuna nyumba ya wazee karibu na chuo, ambako wanafunzi huenda kufanya mazoezi. Nikampeleka mwanafunzi wangu anayeitwa Denise, mama wa makamo aliyekuwa akiuza viatu dukani, mwoga lakini ana moyo. Tukaingia kwa mzee mmoja, Stefan, aliyehamia nchi hii akiwa kijana kutoka Ulaya. Denise kwa wasiwasi akasahau kila kitu. Akaingia na tabasamu kubwa, "Stefan! Unanikumbuka?" Na yule mzee, Karimi, akaanza kukunja ncha ya blanketi lake. Anaikunja na kuikunjua.

Nikamwambia Denise atoke aingie tena. Akabisha mlango. "Naitwa Denise. Mimi ni mwanafunzi. Nimekuletea chai yako." Mzee akainua kichwa, akasema, "Karibu, karibu, weka hapa." Vidole vikaachia blanketi. Hilo tu. Helen aliliona kwa macho yake akiwa amesimama mlangoni kama alivyosema. Alipokuwa akiandika nilimwona anapangusa pua, ingawa alisema ni mafua.

Lakini sikuandika kurasa zote hizi nikutambie kozi. Ngoja nikwambie kilichotokea baada ya hapo.

Denise aliendelea kwenda kwa yule mzee. Kila siku anajitaja jina, naye anamkaribisha vizuri. Lakini akishamlisha, akishampangusa mdomo na kumfunika miguu, mzee anamwita Anna. Denise akaja kwangu analia. "Mwalimu, najitaja kila siku na bado ananiita Anna. Nimekosea wapi?" Nilisikia ni wewe unaongea. Siku hiyo binti wa Stefan alikuwa amekuja kumwona babake. Akatusikia. Akamwambia Denise, "Usilie. Anna ni mama yake. Nami huniita hivyo hivyo nikimnyoa ndevu. Hajakusahau, amekupandisha cheo."

Karimi, nilikaa chini pale pale kwenye kiti cha wageni.

Sasa nisikilize. Wewe ulipewa jina la upande wa baba, mimi nikapewa la upande wa mama, kama desturi ilivyo. Wawira ni jina la cucu. Unakumbuka vile ulivyokuwa ukilalamika kwamba mimi fimbo yangu ilikuwa nyepesi? Ulikuwa ukilia unasema, "Huyu hachapwi vizuri, ati kwa sababu ni mama yake mama!" Na mama alikuwa anajibu bila aibu, "Nitamchapaje aliyenizaa?" Wewe ndiye uliyeligundua jambo hili ukiwa na meno ya utoto, na sasa kwa uchovu limekutoka.

Hizo mbaazi anazoambua, dada, ni mbaazi gani? Githongo kwetu kwa baridi ile mbaazi zinamea wapi? Na huo mto wa kwenda na wenzake ni upi, wakati sisi tumekua tukichota maji ya mfereji pale nje ya mlango? Na tangu lini mama ameniomba mimi ruhusa? Mimi ambaye hata kwenda dukani nilikuwa naomba mara mbili? Huyo ni mtoto wa Gachoka amemaliza kazi yake ya nyumbani, anamwomba mama yake ruhusa akacheze. Na mama yake ndiye huyo aliyemwogesha, akamvalisha soksi, akamlisha uji wa wimbi. Hakuwa ananiita mimi, Karimi. Mimi ameshaniacha nyuma huko, labda siku moja atapita tena aniokote. Yeye anamwona cucu Wawira, na anamwona kwako. Katika dunia yake nzima iliyobaki, amekupa kile kiti kikubwa kuliko vyote.

Nimelia kuandika hapa, tazama wino umevuja. Nimelia kwa furaha yako na nimelia kwa wivu pia, nisikudanganye. Mimi ndiye niliyepewa jina, lakini wewe ndiye umelifanyia kazi.

Sikuambii haya ili ubaki hapo ufe na mgongo. Najua uchovu wa mtu haupungui nusu kwa kuambiwa maneno mazuri. Kuhusu Murithi, usimgombeze. Anakuona unavyokonda, naye hana njia nyingine ya kusaidia ila kupiga simu huku na kule. Ndivyo alivyo tangu kuni zake mbichi. Nyumba hizo nazijua, nimefanya kazi ndani yake, na zingine ni nzuri na zina watu wa huruma. Lakini huko Nairobi nani atamjibu kwa Kimbeere, hata hicho cha kuchechemea unachomjibu wewe? Atamwita Wawira nani aitike? Mwambie Murithi asubiri mpaka nifike. Nikifika tukae sote watatu, tuamue tukiwa tunaangaliana. Na ukiniambia wakati huo kwamba bado ni Nairobi, nitakusikiliza, maana wewe ndiye unayejua uzito wa mama ukimwinua kitandani.

Ndiyo, dada, nimesema nikifika. Kamati imekaa. Wakanihoji kidogo, mmoja akauliza kwa nini lengo la kwanza ni jambo dogo kama kutaja jina lako. Kabla sijafungua mdomo Helen akamwambia, "Nenda ukalione." Wamepitisha. Likizo yangu imesainiwa, nakuja kahawa ikiwa imeiva, na safari hii siji kama mgeni wa wiki mbili wa kuchinjiwa kuku na kupigwa picha. Nitakuwa hapo msimu mzima, mpaka mvua zile nyingine.

Sasa nina kazi nataka unifanyie. Niandikie malengo. Usicheke. Umesema nije nimtunze mimi mwenye jina. Nakuja, lakini mimi mama wa sasa simjui. Namjua yule wa kukimbia Gachoka bila viatu. Huyu wa sasa wewe ndiye mwalimu wake. Niambie asubuhi unaanza na nini, maji ama uji. Anapendelea kushikwa mkono upi. Akikataa kuoga unamwimbia ama unamwacha. Leso ipi hataki ifuliwe. Niandikie hivyo hivyo, "Mwishoni mwa juma la kwanza Wawira ataweza," nami nikifika usimame mlangoni uniangalie kama Helen, unisahihishe. Ila usinifinye, nimekuwa mtu mzima.

Na mimi nimekuandikia moja, la kwako. "Mwishoni mwa juma la kwanza, Karimi ataweza kulala mpaka jua litoke, bila kuamka kusikiliza mlango." Hilo nitalipima mwenyewe. Na hao akina mama wa kanisa wanaokuja Jumapili kumwuliza, "Mama Karimi, unanijua?" niachie mimi, nitawangoja langoni.

Nisalimie Murithi, kaka yetu wa katikati, mwambie dada yake mdogo anamdai moto usio na moshi. Nisalimie Mama Kendi, jirani yetu wa upande wa chini, anayekuletea maziwa ng'ombe wetu akikauka, nimemwekea sweta. Nisalimie mke wa Murithi na wale watoto wake wanaoniita shangazi wa kwenye simu. Mama usimpe salamu zangu kwa jina langu, utamchanganya. Mfunike miguu tu.

Na siku nikifika, Karimi, nitasimama nje ya ua na mizigo yangu, nijitaje kwanza kabla ya kuingia, kama tulivyofundishwa. Sitamuuliza kama ananijua. Akikuita wewe Wawira mbele yangu, itika, usiniangalie kwa aibu, jina ni lako. Na akinigeukia mimi akatafuta jina la kuniita akakuta lililobaki ni la Karimi, basi mimi nitaitika Karimi, nichukue ndoo, nikateke maji.

Ni mimi,
Wawira, mdogo wako.
Nimekuja kukupokea mzigo.